Kabla Hamjaipaka Ramani Rangi

(Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya wajumbe wa mitaa, walimu wa sayansi na mafundi wa elektroniki. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.)

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, walimu wetu, mafundi, vijana, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Mmeniita nizungumzie ramani ya hewa ya jiji letu. Nitafika huko, ila nitawachelewesha njiani, na nawaomba mnivumilie. Ramani inapendwa na kila mtu. Ina kijani, ina njano, ina nyekundu, na mwandishi wa habari akiiona anaipiga picha hapohapo. Programu za kuichora zinapatikana bure. Ukiipa programu namba kumi na mbili, itakupakia jiji zima rangi kutoka Kigamboni hadi Bunju, wala haitauliza namba hizo zimetoka wapi. Kwa kuwa haiulizi, lazima tuulize sisi. Imepimwaje? Wapi? Saa ngapi? Mtanisikia nikiyarudia maswali haya matatu mpaka mchoke.

Tuanze na la kwanza. Tunapima nini hasa?

Tunapima uzito wa chembe zinazoelea kwenye hewa. Zile za PM10 zina kipenyo cha hadi mikromita 10. Ndilo vumbi la barabara, la saruji, la upepo wa kiangazi. Zile za PM2.5 hazizidi mikromita 2.5, na kwenye milimita moja ya rula ya mwanafunzi unaweza kuzipanga 400 zikafuatana. Hizi ndizo za moshi: mkaa, dizeli, majenereta, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Pua haizizuii. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Shikeni hilo la mwaka na saa 24, kwa sababu kila wiki mtu analinganisha namba ya dakika moja na kiwango cha mwaka mzima, kisha anatangaza janga.

Uzito huo unapatikanaje? Njia ya msingi, ambayo nyingine zote hupimwa kwayo, ni chujio na mizani. Unachukua chujio la Tefloni lenye kipenyo cha milimita 47. Unaliacha saa 24 kwenye chumba chenye joto na unyevu visivyobadilika, unaliondolea umeme tuli, unalipima kwenye mizani inayosoma mikrogramu. Kisha unalipeleka kwenye pampu inayovuta lita 16.7 za hewa kwa dakika. Ikivuta usiku na mchana, ndani ya saa 24 zimepita mita za ujazo 24. Unalirudisha chujio kwenye chumba kilekile, linatulia, unalipima tena. Tuseme limeongezeka mikrogramu 840. Gawanya kwa 24, unapata 35. Basi. Ukilishika kwa vidole bila koleo, mafuta ya ngozi yako tayari yameingia kwenye hesabu.

Ipo pia mashine inayofanya kazi hiyo kila saa bila mtu wa kubadilisha machujio. Inakusanya vumbi kwenye utepe, inapitisha mionzi ya beta kutoka kwenye kipande kidogo cha kaboni-14, na kuangalia mionzi imepungua kiasi gani. Mionzi ikipungua zaidi, maana yake vumbi ni zito zaidi. Wenyewe huiita BAM. Ni ghali, inataka chumba chenye kiyoyozi, umeme usiokatika na fundi aliyefunzwa. Kwenye hotuba hii nitaiita mashine ya rejea.

Sasa niwape kisa, mwone namba moja nzuri inavyoweza kufanya kazi bila ramani yoyote. Katika bonde la Utah, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha chuma kiitwacho Geneva Steel. Agosti 1986 kilifungwa kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Katikati yake ulipita msimu mzima wa baridi kiwanda kikiwa kimya. Mchumi wa chuo kikuu cha hapo, Arden Pope, akafanya jambo jepesi sana kulieleza: akachukua vipimo vya PM10 vilivyokuwa vikikusanywa kwa kawaida, akavilinganisha na daftari za hospitali. Katika misimu ambayo kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, watoto waliolazwa kwa mkamba na pumu walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa msimu ambao kilifungwa. Wamiliki wa viwanda walipinga, kama ilivyotarajiwa. Lakini bonde lilikuwa lilelile na hospitali zilezile. Kilichozimwa na kuwashwa ni tanuri.

Je, alikuwa na vituo mia? Hapana. Alikuwa na ramani ya rangi? Hapana. Alikuwa na vipimo vya mahali palepale, kwa njia ileile, kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu, mtaa wenye kifaa kimoja kinachotunzwa kwa miaka mitatu una nguvu kuliko kata yenye vifaa thelathini vilivyowashwa siku ya uzinduzi.

Lakini najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya vifaa vya bei nafuu, na mna haki. Mashine za rejea ni chache mno kwetu. Mnakumbuka balozi za Marekani zilikuwa na mashine zao katika miji kadhaa ya Afrika, Kampala na Addis Ababa ikiwemo, na vipimo vyake vilitangazwa wazi kila saa. Machi 2025 utangazaji huo ulisimamishwa. Aliyekuwa anategemea namba ya jirani alibaki bila namba.

Basi tukifungue kihisi cha bei nafuu tuone ndani. Kipo SDS011 cha kampuni ya Nova, kipo PMS5003 cha Plantower, kipo SPS30 cha Sensirion. Vyote ni ukoo mmoja. Ndani kuna feni ndogo, leza na jicho la kupokea mwanga. Umewahi kuona mwale wa jua ukipenya kwenye tundu la bati, na vumbi linang'aa ndani yake? Hicho ndicho kihisi. Chembe inapita mbele ya leza, inatawanya mwanga, jicho linaona mmweko. Kifaa kinahesabu mimweko na ukubwa wake, kisha kinadhania kwamba chembe zote ni za mviringo kama mpira na kwamba kwa ujazo uleule zina uzito uleule, ndipo kinakuandikia mikrogramu.

Mmesikia neno hilo? Kinadhania. Hakipimi uzito. Kinahesabu mwanga na kukisia uzito. Makosa yake karibu yote yanaanzia hapo.

Kosa la kwanza ni la unyevu, na sisi wa pwani ndilo letu. Chembe nyingi hunywa maji kutoka hewani na kuvimba. Chumvi ya bahari huyeyuka na kuwa tone pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, na asubuhi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unyevu hupita 80 mara nyingi tu. Njia ya chujio na mizani hukausha chembe kabla ya kuzipima. Kihisi hakikaushi. Kinaona tone nene, kinaandika vumbi. Ndiyo maana utakuta kihisi cha ufukweni, mbali na barabara, kinaonesha hewa chafu alfajiri kisha kinajitakasa chenyewe jua likichomoza. Hakuna aliyezima jiko. Ni maji yamekauka.

Wamarekani wana hesabu yao ya kusahihisha vifaa vya PurpleAir, ambavyo ndani yake mna Plantower: chukua namba ya kihisi, zidisha kwa 0.524, toa asilimia ya unyevu iliyozidishwa kwa 0.0862, ongeza 5.75. Kihisi kikisema 60 na unyevu ukiwa 80, jibu ni kama 30. Nusu! Nawapa mfano huu mwone ukubwa wa kosa, si kwamba mwende kuutumia Manzese. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya Marekani. Moshi wa mkaa wetu una tabia zake. Na jambo lingine linalowaponza wengi: unyevu unaoingia kwenye hesabu hiyo ni ule unaosomwa ndani ya kifaa, ambako bodi inapata joto na hewa ni kavu kuliko nje. Ukichukua unyevu wa uwanja wa ndege ukauchomeka humo, umesahihisha kosa kwa kosa.

Kosa la pili ni vumbi kubwa. Feni ile ni dhaifu, na njia ya hewa ndani ya kifaa ina kona. Chembe nzito haifiki mbele ya leza. Kifaa kitakuandikia PM10 kwa ujasiri kabisa, lakini sehemu kubwa ya namba hiyo imekisiwa kutokana na chembe ndogo. Ndugu zangu wa Dodoma, wa Singida, wa kando ya machimbo ya kokoto: kwa vumbi la barabara ya udongo, msitumie PM10 ya kihisi cha leza kumshtaki mtu yeyote. Tafuteni chujio na pampu. Kwa moshi ni habari nyingine; chembe za moshi nyingi hazifiki hata mikromita 1, na PM2.5 ya kihisi, ikisahihishwa, inawafaa.

Kosa la tatu ni la uzee. SDS011 imetajwa na watengenezaji kuishi saa 8,000. Ukiiacha inazunguka mfululizo, hiyo ni miezi kumi na moja. Lenzi inapata ukungu wa vumbi, feni inachoka, namba inateleza polepole na hakuna anayegundua.

Hapa nitawapeleka Stuttgart, Ujerumani. Mji ule umekaa kwenye bonde kama bakuli, na hewa ya baridi ikituama ndani yake moshi wa magari hauna pa kutokea. Kituo cha serikali kwenye makutano ya Neckartor kilikuwa maarufu nchi nzima kwa uchafu wake. Mwaka 2015 wananchi wa kundi la OK Lab wakasema: kituo kimoja hakitoshi, tutajenga vyetu. Wakachagua SDS011, bodi ndogo ya NodeMCU, kipimio cha joto na unyevu, vyote vikajificha ndani ya kona mbili za bomba la maji taka la milimita 75 zilizochomekwa pamoja, mdomo ukitazama chini. Sasa mtandao wao unaitwa Sensor.Community na umesambaa duniani. Programu yao haikuacha leza iwake muda wote: kila sekunde 145 inaamsha kihisi, inasubiri sekunde 15 hewa itulie, inasoma kwa sekunde 5, inakilaza tena. Kwa ujanja huo umri wa miezi kumi na moja unakuwa miaka.

Mafundi, andikeni nyaya: TXD ya SDS011 inakwenda D1, RXD inakwenda D2, umeme wa volti 5 unatoka VU, GND kwa GND. Kipimio cha joto na unyevu, BME280, kinachukua D3 kwa SDA na D4 kwa SCL. Mpira wa kuvutia hewa una kipenyo cha ndani cha milimita 6, na ncha yake itoke kidogo tu mdomoni mwa bomba. Kona za bomba mtazipata duka lolote la vifaa vya ujenzi; ombeni za inchi 3. Kazibeni midomo yote kwa wavu wa mbu. Si urembo huo. Buibui na nyigu wanaipenda nyumba kavu yenye tundu, na utando mmoja mbele ya leza unatosha kukupa namba za ajabu wiki nzima.

Mengine yanayoharibika? Waya wa umeme mrefu na mwembamba: volti zinashuka, bodi inajizima na kujiwasha kila leza inapoamka, na fundi anabadilisha kihisi kizima. Badilisha waya kwanza. Intaneti ya masafa ya gigahezi 5: bodi hii inaijua ile ya 2.4 tu. Jua la moja kwa moja juu ya bomba: joto linapanda, unyevu unaosomwa unashuka, na masahihisho yote yanapinda.

Na mahali pa kukifunga je? Mita 1.5 hadi 4 kutoka ardhini, upepo ukipita bila kizuizi, mbali na dirisha la jikoni, mbali na mdomo wa kiyoyozi, mbali na bomba la moshi la jenereta la jirani. Shule nyingi hukifunga karibu na ofisi kwa sababu umeme uko hapo, na jiko la uji liko nyuma ya ofisi hiyohiyo. Mnapima uji. Kama ndilo swali lenu, sawa, pimeni jiko, lakini msiandike kwenye ramani kwamba hiyo ni hewa ya kata.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo, mkinisahau kwa mengine yote, hili mnisikilize. Kabla ya kuvitawanya vihisi mitaani, viwekeni pamoja. Vyote, mahali pamoja, urefu mmoja kutoka ardhini, visipishane zaidi ya mita moja, kwa wiki mbili zisizopungua. Bora zaidi viwe kando ya mashine ya rejea. Chukueni wastani wa kila saa, si wa kila dakika. Kihisi kinachosoma juu ya wenzake kwa kiasi kilekile siku zote kinasahihishika. Mnaandika kinazidi kwa kiasi gani na kukiruhusu kiende. Kile kinachoruka juu leo na chini kesho hakina dawa. Na mrudie zoezi hilo kiangazi na masika, kwa sababu hewa ya masika ni hewa nyingine.

Kampala wamelifanya hili kuwa kazi ya kila siku. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza mwaka 2015, na wahandisi wake walikubali mapema kwamba kifaa cha Ulaya hakikubuniwa kwa vumbi letu na umeme wetu. Wakaunda chao, kinachotuma namba kwa laini ya simu na kinachoweza kutumia sola. Vingine wakavifunga kwenye bodaboda. Ndani ya kila kifaa kuna PMS5003 mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu kihisi kimoja kikidanganya hujui. Viwili vikitofautiana, unajua kuna tatizo siku hiyohiyo, kabla namba haijafika kwa mwandishi wa habari. Tena wanaviweka baadhi kando ya mashine ya rejea chuoni na kutengeneza masahihisho kwa joto na unyevu wa Kampala yenyewe. Si wa California.

Hamna mashine ya rejea karibu? Tengeni kihisi kimoja kizuri kiwe msafiri. Hakikai mtaa wowote. Kinazunguka: siku tatu hapa, siku tatu pale, kikifungwa ubavuni mwa kila kihisi kilicho kazini. Hakitawaambia ukweli wa mizani, lakini kitawaonesha nani ameanza kuteleza. Na wale wanaowasha udi chini ya kihisi kuona kama kinafanya kazi, nawaelewa. Udi unathibitisha kwamba kifaa hakijafa. Zaidi ya hapo, hakuna.

Haya. Ramani.

Saa ngapi? Vifaa vingi huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Foleni ya saa moja asubuhi inaandikwa 04:00. Asiyejua ataisoma kama saa kumi alfajiri; mwingine, kwa mazoea yetu, atasema saa nne. Nimewapa saa tatu tofauti kwa tukio moja. Badilisheni muda kabla ya kuchora chochote.

Saa zilizokosekana zilikuwa zipi? Kanuni ya kawaida ni kwamba wastani wa siku unakubalika ukiwa na asilimia 75 ya vipimo, yaani saa 18 kati ya 24. Lakini kwetu pengo halitokei ovyo. Umeme ukikatika jioni, kihisi kinazima. Wakati huohuo majenereta yanawaka na mkaa unapulizwa kwa ajili ya chakula cha usiku. Saa chafu kuliko zote ndizo zinazopotea, na ramani inatoka ya kijani. Betri ndogo ya sola itawasaidia hapo kuliko kihisi cha pili.

Katikati ya vihisi viwili kuna nini? Programu inajaza kwa kukisia: kihisi kilicho karibu kinapewa nguvu zaidi kwenye hesabu. Matokeo yake ni viduara vyekundu kuzunguka kila kifaa, kana kwamba uchafu unatoka ndani yake. Jaribio lake ni rahisi. Ondoeni kihisi kimoja kwenye hesabu, iacheni programu ikisie namba yake kutoka kwa wenzake, kisha linganisheni na alichopima kweli. Fanyeni hivyo kwa kila kimoja. Ikiwa makisio yanakosea kuliko tofauti kati ya mtaa na mtaa, hamna ramani, mna vidoti. Chapisheni vidoti. Penginepo pote paacheni kijivu. Ninyi mnaishi huko, mnajua kati ya Mwenge na Tandale hewa haibadiliki kwa mstari ulionyooka.

Mtu ataniuliza setilaiti. Setilaiti mbili za Marekani, Terra na Aqua, hubeba chombo cha MODIS kinachoangalia jinsi vumbi linavyofifisha mwanga kutoka juu hadi chini, hewa yote kwa pamoja, si ile unayovuta mlangoni kwako. Zilipangwa kupita karibu saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana. Mawingu ya masika yanaziziba, na moshi wa saa mbili usiku hazijawahi kuuona kwa njia hiyo. Kwa vumbi linalovuka nchi, nzuri sana. Kwa jalala la mtaa wenu, hapana.

Mwisho ni faili. Wekeni safu hizi: jina la kihisi, muda wa UTC, muda wa hapa, namba ghafi, joto, unyevu, namba iliyosahihishwa, na hesabu iliyotumika kuisahihisha. Namba ghafi isifutwe kamwe, hata mkiichukia, kwa sababu hesabu ya masahihisho itabadilika mwakani na mtahitaji kuanza upya. Pembeni muwe na daftari la mkono: tarehe ya kusafisha lenzi, tarehe ya kubadilisha feni, siku jirani alipoanza kuchoma taka, siku barabara ilipowekwa lami. Mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja kwa kila kihisi wanatosha kulijaza.

Mwenyekiti ananionesha saa. Maswali sasa, na naomba tuanze na waliokaa nyuma, mafundi wa mbele watanipata nje kwenye meza ya vifaa.